Toa Kwanza

Katika ushirika wetu wa Jumatano hapa Kihunguro, Ruiru, ushuhuda una mpangilio wake. Unasimama, unamsifu Bwana, unasimulia ulivyoteseka, kisha unafika pale ambapo kila mtu anapangojea: nimepona. Makofi, vigelegele, wimbo. Ndiyo maana mimi hukaa kitini. Nina pumu, nimetoka katika ukoo wa pumu, na sitarajii kufa bila pumu. Sijapona. Hata hivyo nimebadilika sana, na mabadiliko yenyewe yalianzia katika jambo la kimwili kabisa: jinsi kifua cha binadamu kinavyoingiza hewa na kuitoa. Ni jambo ambalo ningefundishwa nikiwa darasa la tatu, kama mmoja tu wa watu wazima walionizunguka usiku angekuwa amefundishwa naye.

Nilikulia Makongeni, Thika. Baba alitoka Yatta kutafuta kazi viwandani, mama ni mtu wa Gatanga, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu kila mmoja alidai lugha ya mwenzake ni ngumu. Thika ile uliijua kwa pua. Upepo ukitoka huku, unanusa ngozi zinazotengenezwa. Ukigeuka, mafuta ya kupikia. Ukitulia, moshi wa makaa wa mtaa mzima. Sisi tulikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Jiko la makaa lilikaa mlangoni, na siku za mvua stovu ya mafuta taa iliwashwa ndani. Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka na baridi ya Kiambu ikaingia mifupani, dirisha lilizibwa kwa gunia. Sikumbuki Julai hata moja ya utoto wangu niliyolala usingizi mzima.

Pumu yangu ilikuja alfajiri, saa tisa au saa kumi, wakati mtaa wote umelala. Kwanza kikohozi kikavu. Kisha mluzi mwembamba kifuani, ambao kaka yangu aliuiga akidhani ni mchezo. Mama alinikalisha, akanipaka dawa ya kifua, akaleta maji ya moto yenye majani ya mkaratusi na kunifunika blanketi nivute mvuke. Jirani aliyesikia vurugu alikuja na kitunguu saumu. Na wote, kila mmoja kwa upendo wake, walinisihi neno moja: vuta. Vuta pumzi, mwanangu. Vuta, vuta, usichoke!

Nilivuta. Mabega yalinipanda hadi masikioni, shingo ikatoka mishipa, nyama ya kati ya mbavu ikabonyea ndani kila nilipojitahidi. Kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyozidi kukosa. Mwishowe baba alinibeba mgongoni tukaenda hospitali, nikachomwa sindano ya mshipa, na kulipokucha tulirudi kwa miguu nikitetemeka vidole, moyo ukikimbia. Dawa ilifanya kazi yake. Maelezo ndiyo hayakuwepo, wala sisi hatukuyaomba. Nani aliyemhoji daktari siku zile? Tulichukulia kuwa pumu ni upungufu wa hewa, kama kiangazi ni upungufu wa mvua, na dawa ya upungufu ni kutafuta zaidi.

Niliishi na imani hiyo hadi nikawa fundi wa mbao mwenye karakana yangu kando ya barabara ya Thika. Barabara hiyo ilianza kupanuliwa mwaka 2009, na Rais Kibaki akaifungua Novemba 2012: kilomita 50 hivi, kutoka Nairobi hadi Thika. Leo kila mtu anaisifu, hata mimi. Lakini sisi tuliokuwa tukifanya kazi kandokando yake tunakumbuka vumbi. Ruiru nzima ilikuwa nyekundu: mabati, nguo kwenye kamba, sukuma wiki ya kwenye vibanda. Ongeza vumbi la mbao la ndani ya karakana, na unaelewa mwaka 2011 nilikuwa katika hali gani.

Usiku mmoja wa mwaka huo mke wangu alinipakia kwenye teksi, akanipeleka katika kliniki moja ndogo. Zamu ilikuwa ya afisa wa kliniki, mama wa makamo ambaye miwani yake ilining'inia kwa uzi shingoni. Hakunihoji. Alitia chombo chake masikioni, akasikiliza mgongo wangu, kisha akaweka kiganja kifuani pangu na kukigonga kwa vidole vya mkono mwingine. Mlio ukawa mwangwi, mtupu. Mke wangu nyuma yangu alikuwa akinihimiza kama mama alivyokuwa akinihimiza.

"Vuta, Baba, vuta."

"Mama, mwache," yule afisa alisema. Kisha akaniinamia. "Kijana, nani amekwambia uvute? Kifua chako kimejaa. Hiyo unayoivuta utaiweka wapi? Toa kwanza."

Akanivalisha barakoa ya mashine ya mvuke yenye dawa, na dawa ikisukumwa akawa ananiongoza: vuta kidogo tu, bana midomo, toa polepole, usiharakishe, bado, toa. Nisieleweke vibaya. Kilichonifungua ni ile dawa, na vidonge alivyonimezesha baadaye. Yeye mwenyewe alilisema hilo waziwazi, kwamba kubana midomo hakumtibu mtu wa pumu aliyezidiwa, kunampunguzia hofu na kumsaidia kuachilia hewa huku dawa ikifanya kazi. Lakini nililala macho wazi hadi asubuhi nikiwaza. Maisha yangu yote nilikuwa nikipigana na mlango usio wenyewe.

Aliyenimalizia somo ni binti yangu, miaka kadhaa baadaye, alipokuwa kidato cha pili na Baiolojia yao imefika kwenye ubadilishanaji wa gesi. Jumamosi moja alikuja karakanani akitaka nimkatie kitako cha chupa ya soda ya lita mbili. Kwenye kifuniko alipitisha mwili mtupu wa kalamu ya biro na kuuziba pembeni kwa gundi. Mwisho wake wa ndani akafunga puto. Puto jingine alilikata, akalitandaza juu ya ule mdomo wa kitako na kulifunga kwa mpira. Kisha akashika ngozi ile ya chini kwa vidole viwili, akaivuta. Lile puto la ndani likavimba.

"Baba, nani amelipuliza?"

"Hakuna mtu."

"Ehe. Sasa angalia." Akaiachilia ngozi. Puto likanywea.

Nilimfanya arudie hadi akachoka nami. Puto halikuwa na nguvu zake lenyewe. Nafasi ya chupa iliongezeka, mgandamizo wa ndani ukapungua, hewa ya nje ikajiingiza bila kuitwa. Na mapafu ni hivyo hivyo: pafu halina msuli wa kujitanua. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, msuli mpana na mwembamba uliojikunja kama kuba na kutenga kifua na tumbo. Kikikaza, kinashuka, ukiwa umetulia kinashuka sentimita moja au zaidi kidogo, na ukivuta kwa nguvu zako zote kinaweza kushuka hata sentimita 10. Misuli iliyo kati ya mbavu nayo inaziinua na kuzitanua. Mapafu yanafuata tu, kwa sababu yameshikamana na ukuta wa kifua kwa tandu mbili zenye majimaji kidogo katikati. Ndiyo maana mtu akichomwa kisu cha kifua na hewa ikaingia kati ya tandu hizo, pafu linanywea upande huo ingawa lenyewe halikuguswa.

Kilichonishangaza zaidi ni udogo wa nguvu inayohitajika. Kwa mtu aliyetulia, mgandamizo ndani ya mapafu hushuka chini ya ule wa nje kwa kiasi cha uzito wa maji yenye kina cha sentimita moja. Sentimita moja ya maji! Hiyo inatosha kuingiza nusu lita ya hewa, mara 12 hadi 20 kila dakika, mchana na usiku, ukiwa macho au umelala. Na kutoa kunahitaji nini? Kwa mwenye afya njema aliyeketi, karibu hakuhitaji kitu. Kiwambo kinalegea, mapafu yenye unyumbufu yanajirudi, hewa inaondoka. Mwili umeachiwa kazi ya kuingiza, kutoa kunajiendea.

Isipokuwa kwetu. Mtu wa pumu unyumbufu anao, njia ndiyo hana. Bomba kuu la hewa linaloshuka kutoka kooni linagawanyika mara mbili, na kila tawi mara mbili tena, hadi migawanyiko kama 23, ndipo vije vifuko vya hewa vyenyewe. Vijibomba vya katikati ya safari vimezungushiwa misuli myembamba. Pumu inapowaka, misuli hiyo inakaza, utando wa ndani unavimba, na makohozi mazito yanaziba nafasi iliyobaki. Sasa angalia kinachotokea. Unapovuta, kifua kinachopanuka kinazivuta kuta za vijibomba na kuvifungua kidogo, kwa hiyo hewa inapenya. Unapotoa, kifua kinaposhuka, kuta zile zile zinabanwa. Hewa iliyoingia kwa taabu inakosa pa kutokea, na huo mluzi ndio sauti yake ikilazimisha njia. Pumzi ya kwanza inabakiza kidogo ndani, ya pili inaongeza juu yake, ya tatu vivyo hivyo. Kifua kinatuna. Kiwambo kinasukumwa chini hadi kinakuwa bapa, na msuli uliokwisha kushuka hauna pa kushukia tena. Hapo ndipo shingo na mabega vinapoitwa kusaidia kazi visiyoumbiwa. Mtoto wa Makongeni aliyekuwa akihimizwa avute alikuwa amebeba kifuani hewa nyingi kupita kiasi.

Nilimweleza jambo hili fundi bomba tunayepakana naye, akacheka kwa sababu yeye analijua kwa njia ya mifuko ya wateja wake. Mteja anataka bomba jembamba apunguze gharama, halafu analalamika maji hayapandi ghorofani. Mfaransa mmoja, daktari Jean Poiseuille, alilipigia hesabu katika miaka ya 1840: katika mtiririko uliotulia, ukipunguza upana wa bomba kwa nusu, ukinzani hauongezeki mara mbili wala mara nne. Unaongezeka mara 16. Hewa ndani ya kifua ina misukosuko inayoivuruga hesabu hiyo kidogo, lakini maana inabaki. Uvimbe mdogo, ambao ungeupima kwa unene wa karatasi, unamwangusha mtu mzima mwenye misuli ya kubeba mbao za mvule.

Kuna usiku mwingine nilioelewa jambo la mapafu mahali nisipotarajia: kwenye kizuizi cha polisi, na pikapu yangu imejaa mbao. Alcoblow, kipimo cha polisi cha pombe katika pumzi, ilirudi barabarani Kenya mwishoni mwa 2013, na sisi wa barabara ya Thika tuliizoea upesi. Mimi sinywi. Askari akaniwekea kifaa mdomoni.

"Puliza. Endelea, endelea, usiache!"

Pumzi ilikata kabla kifaa hakijalia. Akaniangalia kwa jicho la mtu aliyewahi kuona kila aina ya ujanja. "Mzee, unanichezea?" Nikatoa inhela yangu ya bluu mfukoni, nikamwonyesha. Akaniacha nipumzike kwenye bonet ya gari, na mwishowe kifaa kikalia. Sifuri.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza binti yangu kwa nini wanataka upulize kwa muda mrefu hivyo. Akaniambia hewa ya kwanza kutoka, kiasi cha mililita 150, ni ile iliyokuwa kwenye mabomba tu, haijakutana na damu. Wao wanaitaka ya mwisho, ile ya vifukoni. Huko chini kuna vifuko mamia ya mamilioni, kila kimoja kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba mno, na ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Ukivitandaza vyote vinafika mita za mraba 70 hivi: vyumba saba vya kupanga vya futi 10 kwa 10, vimekunjwa ndani ya kifua kimoja. Kupitia ukuta huo oksijeni inaingia kwenye damu na kaboni dayoksaidi inatoka. Na kama mtu amekunywa, pombe inatoka pia, maana ukuta haubagui. Damu inapita hapo kwa muda usiofika sekunde moja. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Tunayotoa bado ina kama asilimia 16. Basi hata katika pumzi ya kawaida hatumalizi tulichopewa. Nilitamani mama angejua hili usiku ule wa majani ya mkaratusi.

Baadaye nilinunua kifaa cha plastiki cha kupima mwendo wa kutoa pumzi: unajaza kifua, unapuliza kwa nguvu mara moja, mshale unapanda. Kilibuniwa katika miaka ya 1950 na Mwingereza Martin Wright, na nilicheka niliposoma kwamba bwana huyo huyo alishiriki pia kubuni kifaa cha kupima pombe katika pumzi. Kipimo changu siku njema kinapita 500. Siku mbaya hakifiki 350. Kinachosaidia si tarakimu moja, ni mwenendo: kikianza kushuka asubuhi mfululizo, najua kuna jambo linakuja kabla mluzi haujasikika. Na alfajiri huwa chini daima. Mwili wenyewe hupunguza homoni zake za kutuliza uvimbe usiku, na njia za hewa hujibana kidogo kwa kila binadamu. Kwetu kidogo hicho ni kingi. Kumbe saa kumi haikuwa saa ya majini kama alivyoamini bibi yangu mzaa baba.

Sasa dawa, maana hapa ndipo ndugu zangu wanapogombana nami. Inhela ya bluu, salbutamol, iko sokoni tangu 1969. Inalegeza misuli ya vijibomba ndani ya dakika chache, na nafuu yake hudumu saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Ya kahawia, beklometasoni, inapunguza uvimbe, lakini polepole, kwa siku na wiki, na ukiivuta usiku wa shambulio hutahisi chochote. Kwa hiyo watu wanaipenda ya bluu na kuidharau ya kahawia: ya nini dawa isiyosikika? Mimi nilikuwa wa bluu peke yake kwa muda mrefu, kama karibu kila mtu wa pumu ninayemjua kutoka Githurai hadi Makongeni. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, GINA, lilibadilisha mwongozo wake na kuacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kufungua njia pekee bila ya kutuliza uvimbe. Yule afisa wa kliniki alikuwa amenisisitizia hivyo miaka minane kabla. Shangazi yangu wa Matuu mpaka leo anasema ukizoea inhela mapafu yanalala. Nimemweleza. Anatikisa kichwa, ananihurumia.

Na hata anayeikubali, mara nyingi hajaonyeshwa namna ya kuitumia. Utamwona mtu anaibonyeza huku amejaza kifua, anaivuta ghafla, dawa yote inagonga nyuma ya koo. Hatua inayosahauliwa ni ile niliyoambiwa usiku ule: toa kwanza. Tikisa kopo, toa hewa taratibu, funga midomo vizuri, anza kuvuta polepole ndipo ubonyeze, endelea kuvuta, shikilia kama sekunde 10. Ya kahawia ukishamaliza, sukutua mdomo na uteme, la sivyo unapata utando mweupe wa fangasi ulimini. Kwa mtoto, hesabu hizo zote za kubonyeza na kuvuta kwa pamoja haziwezekani, ndiyo sababu kuna chombo cha kuunganisha mdomo na inhela, ambapo dawa husubiri ndani naye anavuta kwa wakati wake. Cha dukani ni ghali. Lakini Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 utafiti ulioonyesha kwamba kwa watoto waliokuwa katika shambulio, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako na kubandikwa inhela vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha kununua. Nimewatengenezea majirani chupa kama hizo kadhaa. Kutoboa ni kazi ya fundi: tundu liwe la umbo la mdomo wa inhela kamili, lisivujishe.

Karakana yangu pia si ile ya zamani. Mvule niliuacha, ingawa faida yake niliipenda. Vumbi lake linajulikana kote duniani kwa kuwasha ngozi na njia za hewa. Mbao za kubandika za viwandani, hizi zilizojaa soko kwa sababu ni rahisi, nazikatia nje, mgongo nikiupa upepo. Hatufagii tena kwa ufagio mkavu. Tunanyunyiza maji kwanza. Barakoa nilianza kuivaa vijana wangu wakinicheka, wakiniita daktari. Machi 2020 korona ilipoingia Kenya kicheko kikaisha, na nikawa ndiye mtu wa kwanza kwenye mstari wetu wa karakana aliyejua kuivaa isivuje pembeni mwa pua. Nyumbani makaa yametoka, gesi imeingia. Bei ya gesi inaniuma kila mwezi, sitadanganya.

Kuna ushauri mmoja niliopewa na watu wengi kiasi kwamba niliujaribu: nihamie Mombasa, eti hewa ya pwani ni nzito na tamu. Nilishuka na treni kumtembelea shemeji Likoni. Kuhusu uzito wana haki kidogo. Huku kwetu tuko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 84 hivi ya ule wa ufukweni. Oksijeni ni ile ile asilimia 21, ila huko chini kila pumzi inabeba chembe zake nyingi zaidi. Lakini kukosa chembe hakukuwa shida yangu kamwe. Kitanda cha shemeji kilikuwa cha godoro la zamani, chumba kina unyevu na ukungu wa ukutani, na nilipiga mluzi usiku kucha sawasawa na Ruiru.

Kijana wangu wa mwisho ameirithi. Alipopata nafasi shule ya bweni, tulinunua sanduku, blanketi mbili, ndoo, kila kilichokuwa kwenye orodha, na siku ya kumpeleka matroni akachukua inhela zake zote mbili na kuziweka kabatini. Alikuwa mpole, anafuata sheria.

"Mzazi, dawa zote hukaa ofisini."

"Ofisi inafungwa saa ngapi, mwalimu?"

"Saa tatu usiku."

"Yake huja saa kumi."

Akanyamaza kidogo. Akauliza ufunguo unaweza kukaa kwa nani, mimi nikasema wala tusizungumzie ufunguo, maana mtoto aliyebanwa hawezi kwenda kumwamsha mwenye ufunguo. Nilimwonyesha pale pale mezani, kwa mkono wangu juu ya kifua cha kijana, kiwambo kiko wapi na kinapokuwa bapa kunatokea nini. Alimwita na mwalimu wa zamu asikie. Kijana alikuwa anaona aibu kufa. Nilimwambia aibu hiyo ataimaliza wiki ya kwanza. Tulikubaliana ya bluu ikae mfukoni mwake mchana na chini ya mto usiku, na wenzake wawili wa chumbani wajue ilipo na wajue wasimpigie kelele avute. Ya kahawia abaki nayo matroni, amsimamie asubuhi na jioni, jambo ambalo kwa kweli linanifaa, maana namjua mtoto wangu.

Kopo la kahawia lina mibonyezo 200. Miwili asubuhi na miwili jioni ni minne, kwa hiyo kopo moja ni siku 50, na muhula mrefu una wiki 13 au 14. Makopo mawili yanatosha kwa ncha ya ukucha. Kulitikisa kopo usikilize kama lina kitu hakusaidii, kwa sababu gesi inaendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha. Nimeandika tarehe ya kumaliza kwenye kila moja kwa kalamu ya wino mzito, na la pili nimelizungushia selotepu ili asilifungue kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula.